Zege Halilali, na Mgonjwa Je?

Kumlinda mtu wa mjengo Kitui na Makueni dhidi ya virusi vya hewani

Kwenye mjengo kuna msemo anaoujua kila aliyewahi kubeba karai: zege halilali. Likishachanganywa lazima limwagwe, lote, leo. Siku ya kumwaga slabu nyapara huhesabu vichwa alfajiri, akijua kwamba pengo la mtu mmoja kwenye mstari litaonekana hadi jioni. Aliyeamka na homa huja hivyo hivyo. Asipokuja, langoni kuna mwingine anayesubiri nafasi yake, na nyumbani hakutakuwa na unga. Tunapouliza jinsi ya kumlinda mtu wa mjengo dhidi ya virusi vinavyosafiri kwa pumzi, tuanze na asubuhi hiyo. Mambo ya sabuni tutayafikia baadaye.

Machi 2020 Kenya ilipothibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa korona, shule zilifungwa, kisha baa na makanisa. Tarehe 27 mwezi huo ikaanza kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mjengo haukufungwa. Ripoti ya kitaifa ya uchumi iliyotolewa 2021 ilionyesha kwamba mwaka wa 2020 uchumi wa nchi ulinywea kwa asilimia 0.3 huku sekta ya ujenzi ikikua kwa asilimia 11.8. Hoteli zilikuwa tupu, lakini mchanga uliendelea kuchotwa na nondo kukatwa. Tarakimu hiyo iliyowafurahisha wachumi ilimaanisha pia kwamba watu wengi walikutana kazini kila siku wakati taifa lilikuwa linaambiwa likae nyumbani.

Kitui na Makueni, zenye watu 1,136,187 na 987,653 kwa sensa ya 2019, zinafaa kuwa kioo cha swali hili kwa sababu zina karibu kila aina ya mjengo. Kwenye mpaka wao, mto Thwake unapokutana na Athi, kampuni ya China Gezhouba ilikuwa inajenga Bwawa la Thwake kwa fedha za serikali na Benki ya Maendeleo ya Afrika: ukuta wa mita 80 hivi, wa kuzuia maji ya zaidi ya mita za ujazo milioni 680. Sinohydro ilikuwa kwenye barabara ya kutoka Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo hadi Kitui na Migwani, kilomita 192. Malili, Makueni, kulikuwa na mitaro na barabara za mji mpya wa Konza. Na katika Wote, Emali, Mwingi na mji wa Kitui kulikuwa na mamia ya ploti ambazo hazina bango wala mhandisi, zina fundi na vibarua wake tu.

Hoja ya makala haya ni kwamba kinga tuliyoihimiza zaidi, ya maji na barakoa, ilielekezwa pale ambapo hatari ilikuwa ndogo. Penye hatari kubwa tulipita bila kutazama: ndani ya gari la kwenda kazini, katika kambi ya kulala, kwenye kibanda cha chakula na katika siku ya ugonjwa isiyolipwa.

Virusi hupita wapi

Mwanzoni Shirika la Afya Duniani lilisisitiza matone ya mate na mikono michafu. Mwaka 2021 lilieleza wazi kwamba virusi vya korona husambaa pia kwa chembe ndogo zinazoelea hewani, hasa katika vyumba vilivyojaa watu na visivyopitisha hewa. Kwa mtu wa mjengo tofauti hiyo ni kubwa. Aliye juu ya slabu ambayo bado haina kuta, upepo wa Ukambani ukimpiga usoni, yuko mahali salama kuliko karani katika ofisi ya madirisha yaliyofungwa. Pumzi ya mwenzake hupeperushwa kabla haijamfikia.

Lakini siku ya kazi ina saa nyingi zisizo za juu ya slabu. Ifuate tangu alfajiri. Watu wanapanda pikapu au lori, wamebanana bega kwa bega, na ikiwa kuna baridi turubai linashushwa. Wakifika wanabadilisha nguo katika stoo ileile ya simiti, chumba cha mabati chenye mlango mmoja. Nyumba ikishaezekwa kazi inahamia ndani: plasta, vigae, dari, rangi, mara nyingi madirisha yakiwa yamezibwa kwa nailoni ili vumbi na jua visiharibu kazi. Karibu na mashine ya kuchanganya zege hakuna anayesikika bila kupiga kelele, na anayepiga kelele hutoa chembe nyingi zaidi kuliko anayesema taratibu. Saa saba wote huingia kwenye kibanda kimoja kula githeri au muthokoi, barakoa mfukoni, kwa kuwa hakuna alaye akiwa amejifunika mdomo. Jioni wanarudi kwenye lori lile lile.

Liko jambo jingine ambalo mjengo hulificha. Kikohozi pale si habari. Saruji, murramu, mawe yanayokatwa na mchanga wa mito huwakohoza watu mwaka mzima, na vumbi la mawe lenye silika huharibu mapafu na kufungua mlango wa kifua kikuu. Kwa hiyo fundi anapokohoa, mwenzake husema ni vumbi, na mara nyingi ni vumbi kweli. Ugonjwa mpya ukiingia hauna alama ya kuutofautisha. Kupunguza vumbi kwa kumwagia maji jiwe kabla ya kulikata na kufungua madirisha wakati wa plasta ni kinga mara mbili: pafu linapumua vizuri, na kikohozi kinachobaki kinapata maana.

Saiti tatu, hatari tatu

Mjengo wa kwanza ni wa mradi mkubwa wenye kambi. Kambi ikiendeshwa vizuri ni ngome, ikiendeshwa vibaya ni tanuri. Singapore ilionyesha upande wa pili. Huko wafanyakazi wa kigeni wapatao 323,000, wengi wao wa ujenzi, walikuwa wakilala mabwenini, watu kumi na zaidi katika chumba kimoja. Kufikia Desemba 2020 serikali yao ilitangaza kwamba asilimia 47 walikuwa wamekwisha kuambukizwa, ilhali miongoni mwa raia wa nje ya mabweni maambukizi yalikuwa machache. Walikuwa na barakoa na maji ya bomba. Kilichowashinda ni chumba.

Uganda ilijaribu kuifanya kambi ngome. Mwishoni mwa Machi 2020 Rais Museveni aliruhusu saiti za ujenzi ziendelee kwa sharti kwamba wafanyakazi walale hapo hapo kwa siku 14. Mantiki yake ni nzuri: anayelala kazini hapeleki virusi kijijini wala havileti. Lakini sharti kama hilo linafaa tu ikiwa vitanda vimeachana, madirisha yanafunguka, watu wanalala kwa kupishana, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na kuna chumba kilichotengwa kwa mgonjwa. Bila hayo umewafungia watu pamoja na virusi.

Wala si mara ya kwanza kwa njia ya kazi kuwa njia ya homa katika nchi hii. Homa kuu ya 1918 iliingia kwa bandari ya Mombasa mnamo Septemba ikapanda bara kwa reli, ile ile inayopita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu. Miradi mikubwa ya siku zetu inajua somo hili kwa ugonjwa mmoja tu. Mikataba ya ujenzi inayofadhiliwa na benki za maendeleo kwa miaka mingi imekuwa na kifungu kinachomtaka mwanakandarasi aendeshe mafunzo ya UKIMWI kwa wafanyakazi wake na kwa wanakijiji wa karibu. Gharama yake imo katika zabuni, kwa hiyo hakuna anayesema hana pesa. Virusi vya hewani vilipofika havikuwa na kifungu wala bajeti. Hapa marekebisho ni rahisi kuliko yanavyodhaniwa, kwani kiolezo kipo. Kifungu cha ugonjwa mmoja kipanuliwe kiwe cha magonjwa ya kuambukiza, na nafasi kati ya vitanda, hewa ya vyumba na malipo ya siku za karantini viandikwe katika orodha ya gharama kabla zabuni haijafunguliwa.

Mjengo wa pili ni wa ploti ya mjini, au darasa la shule ya kijijini. Mwishoni mwa 2021 serikali ilianza kujenga madarasa 10,000 ya mtaala wa CBC kwa kutumia wanakandarasi na mafundi wa mitaa, na wimbi la Omicron likafika Desemba hiyo hiyo. Saiti ya namna hii ina watu wanane au kumi na wawili. Hakuna kambi wala afisa wa usalama, na mara nyingi hakuna mkataba ulioandikwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi aunde kamati ya usalama, na saiti nyingi za Wote na Mwingi hazifiki ishirini. Aliye na uzito hapo ni nyapara. Akisema madirisha yafunguliwe yatafunguliwa, na akimrudisha mgonjwa nyumbani atarudi. Mafunzo yoyote yasiyomfikia nyapara yameishia ofisini.

Mjengo wa tatu hauna mwajiri kabisa. Ni mwethya, kazi ya pamoja ya Wakamba, iliyojenga mamia ya mabwawa ya mchanga katika mito ya misimu ya Kitui na Makueni, mara nyingi kwa msaada wa mashirika kama SASOL ya Kitui. Wanakijiji hujipanga mstari mtoni, jiwe likipita mkono kwa mkono, wanawake wakiwa wengi na wazee wakiwamo. Hapo hewa ni ya kutosha, lakini wazee ndio ugonjwa unaowaumiza zaidi. Mwethya una faida ambayo saiti ya kulipwa haina: asiyekuja kwa sababu ya homa hafukuzwi. Kundi linalojua kumsamehe mgonjwa zamu yake limeshapata nusu ya kinga.

Maji, barakoa na faini

Agizo la kunawa mikono lilifika Ukambani kana kwamba maji yanapatikana kila mahali. Kiangazi Mutomo au Kathonzweni, mtungi wa lita ishirini una bei na una umbali. Kwenye mjengo maji yapo, lakini ni ya zege na ya kulowesha ukuta uliojengwa jana. Ndoo ya kunawa hukauka kwanza. Sheria inadai maji ya kunywa na mahali pa kunawa kwa kila mahali pa kazi, na mwenye saiti hawezi kujitetea kwa ukame ikiwa tangi la simiti limejaa. Kunawa kuna maana yake: huzuia kuhara, na huondoa simiti inayochoma ngozi. Tusikudai tu kazi ya kuzuia pumzi, kwa sababu hakuwezi.

Kwa upande wa barakoa Kitui ilikuwa na fahari yake. Kiwanda cha nguo cha kaunti, KICOTEC, kilichoanzishwa na serikali ya Gavana Charity Ngilu, kiligeuza cherehani zake mwaka 2020 kikashona takriban barakoa 30,000 kwa siku, wakati nchi nyingi zilikuwa zinapigania shehena za barakoa kwenye viwanja vya ndege. Ilithibitisha kwamba kaunti kavu inaweza kujitengenezea vifaa vyake. Hata hivyo barakoa ya hospitali iliundwa kwa ajili ya mtu aliyesimama wodini. Mtu anayepanda ngazi za mbao na karai kichwani, jua la Kibwezi likiwaka, huilowesha kwa jasho nusu saa haijapita, na barakoa iliyolowa ni ngumu kupumulia. Ataishusha kidevuni, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Ingekuwa busara kumwambia ukweli mapema: nje, penye nafasi, ishushe upumue. Ndani ya lori, ndani ya stoo na ndani ya chumba cha plasta, ivae, na hapo ivae iliyo kavu na inayobana uso. Kanuni mbili zinazoaminika zinazidi kumi zinazodharauliwa. Badala yake kanuni za Aprili 2020 ziliweka adhabu ya hadi shilingi 20,000 au miezi sita gerezani kwa asiyevaa barakoa hadharani. Kwa kibarua anayelipwa mia chache kwa siku, faini hiyo ni kazi ya wiki kadhaa. Hofu ilimfundisha kuvaa barakoa barabarani mbele ya askari, kisha kuivua ndani ya lori, ambako hakuna askari. Matatu nazo ziliagizwa kupunguza abiria, ile ya watu 14 ibebe wanane, lakini sharti hilo liliandikwa kwa ajili ya magari ya abiria. Pikapu ya mwanakandarasi haikuwa akilini mwa mwandishi wake.

Siku ya homa

Tunarudi alfajiri ile. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa mfanyakazi angalau siku saba za ugonjwa kwa malipo kamili na saba nyingine kwa nusu malipo katika mwaka, akishatumikia miezi miwili mfululizo na kuleta cheti cha daktari. Kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyotarajiwa kuisha ndani ya miezi mitatu, hahesabiki tena kuwa kibarua wa siku. Kwenye karatasi, basi, wengi wa watu waliojenga barabara ya Kibwezi walikuwa na haki. Kwenye saiti, kazi ya wiki tatu hapa na wiki mbili kule huvunja mfululizo kabla haujatimia, na cheti cha daktari kinagharimu nauli na nusu siku. Bima ya afya, iwe NHIF ya jana au SHA iliyoanza Oktoba 2024, hulipa hospitali. Hailipi unga.

Chanjo nayo iligonga ukuta huo huo. Ilianza Machi 2021 kwa wahudumu wa afya, walimu, walinzi wa usalama na wazee, na hilo lilikuwa sahihi. Zamu ya wengine ilipofika, vituo vilifunguliwa saa za kazi, na sindano yenyewe huweza kumlaza mtu kwa homa siku moja. Kwa mwenye mshahara wa mwezi ni usumbufu, ila kwa mtu wa mjengo ni siku mbili bila pesa: moja ya foleni, moja ya kitanda. Timu ya chanjo ikifika saiti Jumamosi mchana baada ya malipo, kazi ikiwa haipo hadi Jumatatu, hesabu inabadilika.

Watakaopinga wana hoja. Ya kwanza ni kwamba vijana wa mjengo hawakufa sana, hata Singapore vifo vilikuwa vichache. Ni kweli, ila waliokonda kwa kikohozi cha miezi si wa kusahauliwa, na utafiti wa eneo la Austin, Texas, uliochapishwa 2020, ulionyesha wafanyakazi wa ujenzi wakilazwa hospitalini karibu mara tano zaidi ya watu wa kazi nyingine. Zaidi ya hayo, mchuma janga hula na wa kwao. Kijana anayekohoa kidogo kwenye saiti ya Emali hulala nyumba moja na nyanya yake Jumapili.

Hoja ya pili ni kwamba mtu huambukiza siku moja au mbili kabla ya kuugua, kwa hiyo kumlipa abaki nyumbani ni kuchelewa. Haizuii yote, ndiyo sababu hewa, makundi yasiyochanganyika na chakula cha zamu vinahitajika. Siku ya slabu, wa mchanga wale kwanza, wa mashine baadaye, wa juu mwisho, na nje ya kibanda chini ya mti. Lakini kumwondoa mgonjwa siku zake za kwanza za dalili bado kunakata mnyororo pale ulipo mnene.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: mwenye ploti amekopa Sacco, hana pesa za kumlipa asiyefanya kazi, na mafundi wataigiza ugonjwa. Tufanye hesabu ya mfano. Saiti ina watu kumi wanaolipwa shilingi 700 kwa siku. Kila mmoja akiweka shilingi 20 kila siku ya kazi na mwenye mjengo akiongeza 20 kwa kila kichwa, siku 24 huleta shilingi 9,600. Hizo zinalipa siku 13 za ugonjwa kwa malipo kamili, na zikibaki zinagawanywa slabu ikiisha. Watu wa Ukambani wanaendesha vyama vya kuzungushiana pesa tangu zamani, kwa hiyo kibubu cha saiti hakihitaji mtaalamu kutoka Nairobi. Na kwa kuwa fedha ni za wote, anayeigiza ugonjwa atashikwa na wenzake kabla nyapara hajamshuku.

Kaunti nazo hazina sababu ya kusubiri Nairobi. Ukaguzi wa kazi ni wa serikali kuu, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi pia. Lakini afya imegatuliwa tangu 2013, na ramani ya nyumba haipiti bila mhuri wa kaunti, ambapo afisa wa afya ya umma huikagua. Afisa huyo huyo ana mamlaka ya kuingia saiti. Mhuri huo ukiambatana na masharti manne, yaani maji ya kunawa, stoo yenye hewa, gari lisilojazwa na utaratibu wa kumlipa mgonjwa, kaunti itakuwa imewafikia hata wale ambao sheria ya watu ishirini inawaruka.

Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, na lazima ya barakoa ikaisha Machi 2022. Ndoo za kunawa zimegeuzwa za kubebea rangi, na virusi vingine vya hewani vitakuja, vipya au vya zamani, bila kutoa notisi. Kwa hiyo neno la mwisho ni kwako unayejenga, iwe ni bwawa au choo cha shule. Kabla hujalipia mfuko wa kwanza wa simiti, mwite nyapara umwulize: mtu wako akiamka na homa siku ya slabu, atapata nini akibaki nyumbani? Jibu likiwa ni hapana kitu, basi atakuja.